Rameni si Tambi

Wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Nami naongeza kuwa kutembea kwingi ni kulazimika kutaja mengi, kwani kila kitu kigeni humdai jina yule anayekitazama. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi bakuli la chakula ambacho sikukila lilivyonidhihirishia uzito wa kazi ya tafsiri.

Nilikuwa Osaka, nchini Japani, kwa ziara fupi ya masomo. Yafaa msomaji afahamu kuwa Kiswahili kinafundishwa katika Chuo Kikuu cha Osaka, na wenyeji wangu walikuwa wanafunzi wawili wa lugha hii yetu. Siku moja walinialika kwenye maonyesho ya vyakula vya kisiwa cha Kyushu, yaliyoandaliwa katika ghorofa ya juu ya duka kubwa mtaani Umeda. Kampuni moja mashuhuri ya rameni kutoka jiji la Fukuoka ilikuwa imefungua hapo mkahawa wa muda. Baada ya juma moja ungefungwa na wapishi warejee kwao. Haishangazi, basi, kwamba foleni ilikuwa ndefu kama ya wapiga kura.

Tukiwa katika foleni, mwenyeji mmoja aliniuliza: "Dada, rameni huitwaje kwa Kiswahili?" Nilimwomba tungoje tukione chakula chenyewe kwanza. Tulisimama karibu saa nzima. Tulipofika mbele, mwenzake aliisoma orodha ya vyakula, akanitazama, kisha akasema kwa Kiswahili cha taratibu: "Dada, ngoja kidogo. Mchuzi huu unaitwa 'tonkotsu'. 'Ton' ni nguruwe na 'kotsu' ni mfupa. Ni mchuzi wa mifupa ya nguruwe."

Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Lamu. Neno hilo moja lilitosha. Naye angeweza kabisa kusema "supu ya mifupa" akanyamaza. Asingekuwa amesema uongo, foleni yetu isingekwenda bure, na mgeni asingeaibika mbele ya watu. Lakini aliuchagua ukweli mzima, ijapokuwa aibu ilimjaa usoni.

Wote wawili walitaka tuondoke. Niliwasihi wale, nami nikanunua donge la wali lenye tunda chachu katika kibanda cha jirani, tukaketi pamoja. Mchuzi wao ulikuwa mweupe mzito, kwa kuwa mifupa huchemshwa kwa saa nyingi mpaka uboho na mafuta vichanganyike na maji. Tambi zake ni nyembamba na zimenyooka, na mlaji anayezimaliza huku mchuzi ukibaki huagiza nyongeza iitwayo "kaedama". Kabla ya kula walisema "itadakimasu", yaani napokea kwa unyenyekevu, nami nikapiga bismillahi. Kisha wakazifyonza tambi kwa sauti kubwa ambayo kwetu ingemfanya mtoto akemewe na shangazi zake wote. Huko si utovu wa adabu hata kidogo.

Swali la jina lilikuwa bado linanidai jibu. Wengi wetu tungejibu upesi: "tambi". Lakini msomaji wa pwani akilisikia neno hilo huenda akafikiria tambi za sukari, zilizopikwa kwa tui la nazi na iliki, zinazopamba futari ya Ramadhani. Tafsiri hiyo ingekipeleka chakula cha nguruwe moja kwa moja kwenye sinia la mfungaji! Neno lingekuwa la Kiswahili sanifu, tena tamu masikioni, ilhali lingekuwa limesaliti pande zote mbili.

Wajapani wenyewe walilikopa neno hili pamoja na chakula chenyewe kutoka kwa Wachina. Mkahawa wa Rairaiken, uliofunguliwa Asakusa, Tokyo, mwaka wa 1910, uliajiri wapishi wa Kichina, nao huhesabiwa miongoni mwa iliyokieneza chakula hicho. Hadi leo neno rameni kwa kawaida huandikwa kwa katakana, hati inayotumiwa hasa kwa maneno ya kigeni. Hawaoni haya kuonyesha kwamba wamekopa, na hakuna anayethubutu kusema kuwa rameni si yao. Sisi nasi tulipokea chapati, sambusa na pilau pamoja na majina yake, na Kiswahili hakikupungukiwa na kitu.

Kwa hivyo niliwajibu wenyeji wangu kuwa kwa Kiswahili rameni ni rameni, na kwamba mfasiri ana wajibu wa kuongeza maelezo ya mchuzi uliomo. Darasani tumezoea kuipima tafsiri kwa ufasaha na mtiririko wake. Vigezo hivyo ni vyema, lakini havitoshi. Wanafunzi wenzangu, kesho tutatafsiri maelezo ya dawa, mikataba ya mashamba na hukumu za mahakama, na wasomaji wetu hawatakuwa na njia ya kuhakiki tuliyoyaficha. Mwanafunzi yule wa Osaka, aliyekuwa bado akibabaika na ngeli zetu, alikwisha kuelewa kwamba mfasiri amekabidhiwa amana.