Lwiro: Safari fupi ya maporomoko ya Tshibati, na mtoto aliyeogopa maji

Kabare, Kivu Kusini – Mtu akisimama Lwiro na kugeuza mgongo kwa ziwa, anaona msitu wa Kahuzi-Biega juu ya mashamba ya maharagwe na migomba. Ndani ya msitu huo, upande wa Tshibati, kuna maporomoko ya maji. Watoto wa hapa wanayajua kwa jina tangu wadogo. Wengi wao hawajayaona hata siku moja.

Mwalimu mmoja wa darasa la sita aliahidi wanafunzi wake kwamba wakimaliza mtihani wa serikali atawapeleka kule. Alisema hivyo mwezi wa pili, mwaka wa 2024, alipoona wamechoka na hesabu. Mtihani ukapita, masomo yakafungwa, na watoto hawakusahau. Siku ya posho, kumi na wanne wakasimama mlangoni pake.

«Siku gani, mwalimu?»

Akawaambia warudi baada ya wiki moja. Alifikiri ni jambo la kutembea asubuhi na kurudi mchana. Maandalizi yake yalichukua wiki tatu.

Jambo la kwanza lilikuwa ruhusa. Msitu ule ni hifadhi ya taifa tangu mwaka wa 1970, na mwaka wa 1980 UNESCO iliuandika kati ya urithi wa dunia. Tangu mwaka wa 1997 umo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mtu haingii humo kama anavyoingia shamba lake. Familia za Batwa waliokuwa wakiishi ndani walitolewa, na uchungu wa jambo hilo haujaisha mpaka leo. Kwa wakaaji wengine pia, kuonekana msituni na panga au gunia kunaleta neno moja tu: makala. Kwa hiyo mwalimu alienda kwanza kwa chefu wa kijiji, kisha kwa walinzi wa hifadhi. Wakamwambia kikundi kitasindikizwa. Hakuna panga, hakuna moto, hakuna kukata hata fimbo, na kila mtu atoke msituni kabla jua halijaanza kushuka.

Jambo la pili lilikuwa usalama. Hapo mwalimu hakuuliza watu wa barabarani. Aliwauliza mama wanaolima karibu na mpaka wa msitu, kwa sababu wao wanapanda kila asubuhi na wanajua nani alipita usiku. Walipatana hivi: wataulizwa tena siku moja kabla ya safari, na tena asubuhi yenyewe. Jibu moja likiwa baya, watoto wanabaki, na hakuna atakayesema mwalimu ni mwoga.

Jambo la tatu lilikuwa wazazi. Walikutana siku ya yenga baada ya ibada, darasani, wakakaa kwenye madawati ya watoto wao. Mwalimu alipitisha daftari ili kila mzazi aandike jina lake kama anakubali. Daftari lilirudi na majina kumi na matatu. Moja lilikosa.

Mama ambaye hakuandika anatoka Nyamukubi, teritware ya Kalehe. Siku ya nne ya mwezi wa tano, mwaka wa 2023, ilikuwa siku ya nne ya juma, siku ya soko kule. Mvua kubwa ilinyesha, mito ikatoka njiani mwake, ikashuka na mawe na miti juu ya Nyamukubi na Bushushu. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengi hawakupatikana mpaka leo. Mama huyo alipoteza dada yake pamoja na nyumba. Alibaki na mtoto wa dada, msichana, na wote wawili wakaja kuishi kwa jamaa karibu na Lwiro. Msichana anasoma vizuri. Lakini mvua ikipiga mabati usiku, anaamka, anavaa viatu, na kukaa mlangoni mpaka iishe.

«Mwalimu, mimi sikatai kutembea,» mama alisema. «Mlima tunaujua, tumezaliwa mlimani. Lakini unataka kumpeleka huyu mtoto kuangalia maji yanayoanguka. Anaenda kutafuta nini?»

Mwalimu hakuwa na jibu. Alikiri mbele ya wote kwamba alipoahidi hakulifikiria jambo hilo.

Wazazi wakaanza kusema. Mmoja alisema msichana abaki nyumbani, anunuliwe fanta, atasahau. Papa mwingine alisema basi waache Tshibati, wote waende kutembea kando ya ziwa. Wengine wakanung'unika, maana watoto wao walikuwa wamesubiri miezi mitano. Ndipo yule mama akasema maneno ambayo wazazi wengi bado wanayakumbuka.

«Msibadilishe safari ya watoto wote kwa ajili yetu. Lakini msiseme pia kwamba yeye abaki. Tangu tulipofika hapa, watu wazima ndio wanaamua kila kitu juu yake. Aulizwe.»

Msichana aliitwa. Alisikiliza, akaangalia chini, akajibu kwa sauti ndogo kwamba anataka kwenda na wenzake. Kuhusu kufika kwenye maji, hajui.

Jibu hilo lilibadilisha mpango wote. Wiki iliyofuata mwalimu, papa mmoja na yule mama walipanda kwanza wao wenyewe pamoja na walinzi, kukagua njia. Mama alitembea mbele. Alichagua mahali pa kupumzikia mara tatu. Pa kwanza ni pale kivuli kinapoanza kuwa baridi, na maji hayasikiki bado. Pa pili ni pale mngurumo unasikika kati ya miti lakini macho hayaoni kitu. Pa tatu ni kwenye maporomoko. Pale pa pili alisimama muda mrefu bila kusema. Halafu akamuuliza mlinzi kama maji hayo yanaweza kupanda ghafla. Mlinzi alimwonyesha ukungu wa kijani juu ya mawe, na mstari ambao maji hufikia wakati wa mvua. Katika kiangazi, alisema, yako chini sana ya mstari huo. Lakini mvua ikinyesha huko juu usiku, hata katika kiangazi, yeye mwenyewe hataleta watoto.

Waliporudi, sheria ziliandikwa. Kila mtoto anaweza kusimama mahali popote kati ya hapo patatu, na mtu mzima atabaki naye. Hakuna kuchekana. Hakuna kumvuta mwenzio kwa mkono. Aliyesimama pa pili harudi peke yake, anasubiri wote.

Mambo mengine yalikuwa mepesi. Mwezi wa saba ni kiangazi, njia haitelezi sana. Asubuhi kuna baridi kule juu, kwa hiyo kila mtoto aje na sweta. Suruali ndefu iingizwe ndani ya soksi, maana siafu hawaombi ruhusa, na majani yanayowasha yako kando ya njia. Mwenye mabote avae, asiye nayo avae viatu vya kufunga kamba, sandali hapana. Maji ya kunywa yachemshwe jana yake. Chakula kilikuwa viazi vitamu, makemba ya kuchemsha na sambaza za kukaanga, na kila kilichoenda msituni, hata karatasi, kirudi nyumbani. Watoto walipangwa wawili wawili, kila mmoja akijua jina la mwenzake wa kumwangalia. Kuhesabiwa ni kila mahali pa kupumzika. Saa moja asubuhi kuondoka, na saa sita kamili kugeuza, hata kama maporomoko yamebaki mita mia moja.

Ile asubuhi, mama wa mashambani walijibu kwamba kila kitu ni shwari. Usiku haukuwa na mvua. Mama wa Nyamukubi alikuja na kitenge kimoja cha ziada na bidoni ndogo ya maji. Jina lake sasa lilikuwa kwenye daftari.

Pa kwanza watoto wote kumi na wanne walikuwepo. Pa pili msichana alisikia mngurumo, akasimama. Mama yake akatandika kitenge, wakakaa. Wasichana wawili wakasema nao wamechoka, ingawa hawakuonekana wamechoka hata kidogo. Mwalimu aliwahesabu, akawaacha na mlinzi mmoja, akaendelea na kumi na mmoja. Hao walifika, walilowa nyuso kwa manyunyu, wakapiga kelele mpaka mlinzi akawaomba wakumbuke wanyama.

Wale watatu walikula sambaza zao. Baada ya muda msichana akauliza maji haya yanaenda wapi. Mlinzi akamjibu kwamba yanashuka mpaka ziwani.

«Ziwa Kivu?»

«Ziwa Kivu.»

Nyamukubi iko kwenye ukingo wa ziwa hilo hilo. Msichana hakuuliza tena. Aliinuka, akatembea hatua chache mbele mpaka kwenye mti mkubwa, akashika gome lake, akasikiliza. Kisha akarudi kukaa. Saa sita kikundi kilishuka, na saa nane wote walikuwa nyumbani.

Baadhi ya majirani waliuliza kama safari ilimponya. Mama alisema hapana, mvua bado inamwamsha. Lakini jioni ile alisimulia njia yote kwa jamaa zake, tangu siafu mpaka mti, na ilikuwa mara ya kwanza kusimulia kitu tangu Kalehe.

Mwalimu ameandika orodha upya kwa darasa linalokuja. Viatu, sweta, chakula, ruhusa, vyote vimo. Juu kabisa, kabla ya hivyo vyote, ameongeza mstari mmoja: muulize kila mtoto.