Mstari Nilioupiga Siku ya Maji Mafu

Kiwanja kile nilikipima siku ya maji mafu, nami nilijua kuwa ni maji mafu. Kwa miaka mingi, kila nilipoulizwa, nilijibu kwamba ilitokea tu: ratiba ilibana, mteja alikuwa na haraka, vifaa vilikuwa vya kuazima. Hayo yote ni kweli. Ila jedwali la maji, lile linalochapwa kila mwaka na mamlaka ya bandari, lilikuwa ndani ya gari, na nililifungua usiku wa kuamkia siku hiyo. Siku niliichagua.

Kiwanja kipo kaskazini mwa Dar es Salaam, ukiipita Kunduchi, kabla hujafika Bagamoyo. Sitakitambulisha zaidi ya hapo, kwa kuwa mwenye nacho hakujenga kitu ambacho ramani yangu haikumruhusu.

Mtu wa bara anaweza kudhani ukingo wa bahari ni kitu kinachoonekana, unakifikia unachomeka bikoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Hizo mita 60 kila anayeshughulika na ardhi anazijua, hata dalali wa mtaani anazitaja kabla hujamuuliza. Ugomvi wote uko kwenye sifuri: unaanza kuhesabu kutoka wapi? Pwani yetu ni ya maji makubwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita tatu. Siku za maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi mita moja na kitu. Maji ya bamvua yakijaa husimama juu kuliko maji mafu yaliyojaa kwa karibu mita moja nzima.

Mita moja ya kwenda juu ni kitu kidogo ukiwa kwenye mwamba. Kwenye ufukwe mpana wa mchanga, unaoinuka mita moja kwa kila mita 20 za mwendo, ni mita 20 za ardhi. Zizidishe kwa upana wa kiwanja, halafu kwa bei ya ardhi ya ufukweni kuanzia Mbezi kwenda juu, utaelewa kwa nini mteja wangu alikuwa mchangamfu jioni ile.

Hakunihonga. Nalisema hili si kwa kujisafisha. Angenihonga ningekuwa na la kumsukumia. Alinilipa ada ya kawaida, akaniahidi kazi nyingine ya viwanja Kigamboni, na kazi hiyo nikaipata. Nilipomweleza kwamba sheria haikunifafanulia ni maji yapi, aliniuliza swali moja tu: “Kwa hiyo mtaalamu ndiye anayeamua?” Nikamjibu ndiyo. Nilifurahi kuitwa mtaalamu.

Siku ile mstari wa maji ulikuwa umetulia, mweupe wa povu, chini kabisa ya mahali ambapo mwani mkavu na vifuu vya nazi vilikuwa vimekauka tangu bamvua lililopita. Ule mwani ndio ukingo. Mtoto yeyote wa pwani angekuonyesha. Nilipita juu yake nikiwa na miti ya kupimia begani, nikaenda kusimama kwenye povu.

Mzee mmoja alikuwa anaziba ngalawa yake kando pale. Nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza, kwa adabu tu na si kwa kutaka jibu, maji huishia wapi. Akaniuliza, “Maji ya leo, mwanangu, au maji ya bamvua?” Nikasema ya leo. Akaacha nyundo. “Basi ungesubiri mwezi uandame,” akasema, “bado siku chache tu.” Nikamshukuru, nikaendelea na kazi. Katika daftari langu la upimaji hakuna neno hata moja la mzee yule. Pana nafasi ya kuandika maelezo ya wenyeji, nami nimeijaza kwa mstari uliolala.

Nimekuja kuligundua jambo jingine baadaye sana, na hili hakuna aliyenifundisha chuoni. Huku kwetu maji ya bamvua hujaa mwendo wa saa 10, alfajiri na tena alasiri. Maji mafu hujaa mwendo wa saa 4 au saa 5 asubuhi. Yaani ofisa anayetoka mjini asubuhi, akavuka foleni, akafika ufukweni, akataka kuyaona maji yakiwa yamejaa kabla ya chakula cha mchana, atayaona ya maji mafu. Bamvua likijaa yeye bado amelala au anafunga ofisi. Ramani ngapi za pwani hii zimechorwa kwa saa za kazi za serikali, sijui nani atazihesabu.

Na siku hiyohiyo moja ikanidanganya mara ya pili. Bamvua linapokupwa, saa 4 hivi asubuhi, mwamba hutoka nje hadi mbali, na wanawake hushuka na vijiti vyao kutafuta pweza, chaza na kombe. Watoto huwafuata. Ufukwe wote huwa na watu, ndoo na kelele. Siku ya maji mafu mwamba hautoki, kwa hiyo hakuna anayeshuka. Mimi nilikuta mchanga mtupu na mzee mmoja na ngalawa yake. Nikaandika kwenye taarifa kwamba katika eneo la mbele ya kiwanja hapakuonekana matumizi ya kudumu ya wananchi. Mshauri wa mazingira aliyeandaa tathmini ya mradi aliichukua sentensi hiyo kama ilivyo, akaitia kwenye kabrasha lake. Kutoka hapo ikawa msimamo wa kitaalamu. Nimewahi kuisoma barua iliyoninukuu kunijibu mimi mwenyewe.

Hadi hapa mtu mwenye huruma angeweza kusema nilizembea. Njia ya diko ndiyo haina huruma.

Kutoka kijijini kushuka kwenye diko, pale wavuvi walipopandishia ngalawa na samaki, kulikuwa na njia ya miguu, imekanyagwa ikawa nyeupe, ikipita katikati ya minazi na kukata kona ya kiwanja. Samaki walipandishwa kwa njia hiyo, na ngalawa mpya zilishushwa kwa njia hiyo. Niliiona, niliitumia, gari langu niliegesha penye mdomo wake. Mteja alipotazama mchoro wa awali aliweka kidole juu ya ule mstari wa nukta nukta: “Hii ni lazima ionekane?” Nikafikiri kidogo. Nikasema si barabara rasmi. Ilikuwa kweli kwamba si rasmi, haikuwa kwenye ramani yoyote ya mipango miji. Na kazi ya mpima ni kuweka kwenye ramani kile kilichopo ardhini. Nikaifuta. Ukuta ulipojengwa haukuwa na sababu ya kuacha mlango.

Gati lilikuja baada ya ukuta. Mwenye kiwanja alitaka mahali pa kufungia boti, na nilimchorea mimi. Gati la nguzo huacha maji na mchanga vipite chini yake, lakini ni ghali. La mawe ya kujaza ni rahisi. Nilichora la mawe. Wakati wa kusi mchanga wa pwani hii husukumwa kwenda kaskazini, na kaskazi hurudisha sehemu yake tu. Ukiweka boma la mawe katikati ya safari hiyo, upande wa kusini unaneemeka na upande wa kaskazini unaliwa. Haya si mageni kwetu. Kule Kunduchi hoteli zilijenga matuta ya mawe baharini kujiokoa, na kila tuta likampelekea jirani njaa ya mchanga, huku mito ya kule inayoleta mchanga mpya ikichimbwa kwa ajili ya ujenzi. Kituo cha daladala cha Africana kimebaki na jina la hoteli ambayo bahari ilikuwa imeila. Nilishuka kituo hicho miaka yote ya ujana wangu.

Diko lilikuwa upande wa kaskazini wa gati. Mchanga ulianza kupungua kusi ya kwanza. Ikaja mizizi ya minazi, ikaja minazi yenyewe kulala. Wavuvi sasa wanafunga ngalawa zao mbali, penye mikoko, na wanalaumiwa kwa kuikata ili kupata upenyo. Ukuta nao unapigwa na bamvua la Machi, jambo ambalo kwa mujibu wa ramani yangu haliwezekani, maana ramani inasema bahari iko mita 60 kutoka pale. Iko 40.

Watu wakizungumzia magati ya binafsi katika nchi hii wanawaza magendo. Bandari bubu, sukari, mafuta ya kula, ushuru uliopotea. Ndiyo maana likitajwa gati, afisa wa kwanza kuuliza ni wa mapato. Sina ugomvi naye. Ila gati lenye vibali vyote, lisilopitisha hata kilo moja ya sukari, linaweza kuhamisha ufukwe wa kijiji kizima, na kwenye fomu nilizojaza hakuna iliyoniuliza mchanga unaelekea wapi. Kungekuwa na kanuni yenye mistari mitatu ningekwama: ukingo uwe ni pale bamvua kubwa linapofika, tarehe na saa ya kuuona iandikwe juu ya ramani, na viongozi wa diko watie saini kwamba waliuona nao. Haihitaji mitambo. Hata adhabu haihitaji sana, kwa kuwa tarehe peke yake ingenifichua.

Nilijaribu kulirekebisha kosa langu. Nilichelewa kwanza, nikisubiri nistaafu, na huo nao ni woga, ninauweka hapa pamoja na mengine. Ofisi niliyoiendea ilinisikiliza vizuri. Nikaelezwa kwamba ramani ikishaidhinishwa na hati ikishatoka, kubadili mpaka ni hadi mwenye hati akubali au mahakama iamue, na kwamba mimi siyo mlalamikaji wala mlalamikiwa. Kijana aliyenihudumia alinionyesha kwenye kompyuta kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Wapima waliokuja baada yangu walipofika kupima viwanja vya jirani walifanya kama sote tulivyofundishwa, walianzia kwenye mawe yaliyokuwepo. Mawe yangu. Mstari wa povu la asubuhi ile umeendelea kulia na kushoto kupita viwanja ambavyo sijawahi kuvikanyaga. “Hapa mzee kazi yako ilikubaliwa sana,” akaniambia, hana hili wala lile.

Mzee wa ngalawa amefariki. Wanawe wawili wapo, mmoja ni katibu wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za bahari pale kijijini. Nilikwenda kwake, nikamwambia haya yote kwa mpangilio huu. Hakunisamehe wala hakunifukuza. Aliuliza kama ninaweza kuyasema mbele ya hakimu, nikasema naweza. Akauliza kama nina kitu cha maandishi.

Nilimpa daftari la upimaji lenyewe, lile la asili, lenye penseli yangu na doa la chai. Ukurasa wa kwanza una tarehe, saa niliyosimama kwenye maji, na vipimo vyote kutoka hapo. Jedwali la maji la mwaka huo nimempa pia. Njia ya diko nimeichora upya kwa wino mwekundu nyuma ya nakala ya ramani, kutoka mdomoni hadi mchangani, nikaweka saini na namba yangu ya usajili. Wakili wa kikundi amesema shauri lao dhidi ya mwenye kiwanja litatajwa baada ya likizo ya mahakama. Mwenye kiwanja nimempigia simu mwenyewe kumwambia nitakuwa shahidi wa upande upi.