Jaribio la Tiketi ya Saa Nane Usiku

Mwanangu,

Lile faili la majaribio ulilonitumia kutoka Fumba nimelisoma lote. Huku Mkunazini umeme ulikatika, ikabidi nilisomee kwenye simu, na kwenye simu ndipo methodi ndefu inapomchosha mtu vizuri.

Methodi ya kwanza umeiita jaribioTiketi. Ndani yake unamuunda abiria mkaazi, unamuunda mgeni, unaweka boti ya Dar ya saa moja asubuhi, unakata tiketi, unahakiki nauli, unafuta safari, unahakiki kiti kimerudi, na chini kabisa ndipo unahakiki tarehe. Katikati umejiwekea maelezo: hapa tunakata, hapa tunafuta. Maelezo hayo ndiyo majina ya methodi unazotakiwa kuzitoa. Chagua mistari yake, bonyeza Ctrl+Alt+M kwenye IntelliJ, andika jina, basi. Martin Fowler aliieleza hatua hiyo mwaka 1999 katika kitabu chake Refactoring, na mimi sijaona inayolipa zaidi.

Ila kukata peke yake hakutoshi. Kuna vijana hukata methodi wakaziita andaa1, andaa2, kagua. Mwanamke anayenunua khanga Darajani husoma jina kwanza, na likiwa halimwambii kitu huirudisha. Jaribio lako nalo lisomwe hivyo. Liite tiketiIliyokatwaSaaNaneUsikuInabebaTareheYaUnguja. Najua ni refu. Liache hivyo hivyo.

Hilo la saa nane nimelitaja makusudi. Seva yenu inahesabu kwa UTC, na sisi tuko saa tatu mbele. Mtu akikata tiketi saa nane ya usiku wa kuamkia Jumanne, kwa seva ni saa tano usiku, Jumatatu bado haijesha. Dai la tarehe, yaani ule mstari unaoihakiki, umeliweka mwisho wa methodi, nayo JUnit ikikuta dai moja limeshindwa huiacha methodi papo hapo, haishuki chini. Naona nauli uliyoandika mle ndani ni ya zamani. Kwa hiyo jaribio linakwama kwenye nauli, mnasema "tutarekebisha bei," na la tarehe halifikiwi. Lingekuwa peke yake, lingesema lake bila kusubiri nauli.

Jengine: usifiche kile kinacholifanya jaribio liwepo. Ulijaribu kutoa methodi ukaiita andaaTiketi, na ile saa nane ikaingia ndani. Anayesoma juu haioni tena. Ipitishe wazi: tiketiIliyokatwaSaa("02:00"). Namba ya pasipoti, jina la boti na daraja la kiti vifiche vyote, havihusiki hapa. Ukitaka kusoma zaidi, kitabu cha Gerard Meszaros, xUnit Test Patterns cha 2007, ni kinene lakini kinafaa.

Sasa la hatari. Ukipanga upya msimbo wa kawaida, majaribio yanakulinda. Ukipanga upya majaribio yenyewe, huna wa kukulinda, na kijani hakikwambii kitu, kwani jaribio lililopoteza dai lake nalo hutoka kijani. Kila ukishakata, nenda kwenye msimbo wa mauzo ukauvunje kusudi: ondoa mstari unaogeuza saa, kisha endesha. Litoke jekundu, na usome jina lake kama mtu wa zamu asiyelijua faili hilo: angejua kilichoharibika? Urudishe mstari, endesha tena, hifadhi kwenye Git, ndipo uende kwa nyengine. Badiliko hilo lisichanganywe na kazi mpya. Atakayelipitia atashindwa kujua kipi kimehamishwa na kipi kimebadilishwa.

Kuhusu lugha ya majina, mnachanganya Kiswahili na Kiingereza mpaka "mkaazi" na "resident" ni watu wawili. Kubalianeni moja. Mimi ningeshika Kiswahili, maana ndicho karani wa dirishani anachowaelezea kosa.

Faili zima usilimalize kwa usiku mmoja. Anza na la tarehe, litoe likae peke yake. Likitoka jekundu kabla hujavunja chochote, mpigie msimamizi wako simu saa hiyo hiyo, maana tiketi zinauzwa usiku huu.

Msalimie baba yako.

Shangazi yako,
Mkunazini