Khanga za Marehemu Mama

Mama yangu alipofariki dunia aliacha nyumbani Mingoyo khanga tisa zilizochakaa. Hakuna aliyezitaka, nami sikuwa na moyo wa kuzigeuza matambara. Bibi jirani akanishauri, "Mwanangu, zishonee mfarishi."

Sindano nilikuwa nikiijua kwa vifungo tu. Nilikata vipande kwa ukubwa uleule niliotaka vionekane, nikasahau kwamba kila mshono hula nguo pande zote mbili. Safu ya kwanza ikawa fupi kwa kiganja kizima! Bibi alicheka, kisha akanikatia kipimo cha karatasi ngumu: shibiri moja, na nusu inchi ya ziada kila upande.

Chini tuliweka shuka kuukuu na katikati blanketi jepesi, kwani sufi hujikusanya pembeni isiposhikwa kwa mishono ya karibu. Tabaka zote tatu hupigwa bandi kwanza, ndipo zishonwe kutoka katikati kwenda ukingoni, nguo isijikunje. Mimi nilianzia ukingoni; nikafumua kazi ya siku mbili.

Lililonitesa zaidi ni majina ya khanga, maana mkasi ukipita hapo maneno hukatika. Jina la ile khanga aliyokuwa akijitanda kila alipokosana na shangazi nililiacha zima, nikaliweka katikati. Shangazi alipokuja Jumapili moja alilisoma, akanyamaza kitambo, kisha akaomba sindano.