Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunautamka msemo huu kila tunapokaribishana, lakini ni mara chache tunajiuliza: je, mwenyeji wetu amepona kweli, au amelala na njaa kwa sababu yetu?

Sisi akina mama tisa wa usharika mmoja hapa Gongo la Mboto tulilitafakari jambo hili tulipokwenda kuwatembelea wenzetu wa mtaa mdogo wa kanisa kijijini, mbele ya Maneromango, wilayani Kisarawe. Tuliondoka Jumamosi alfajiri, tukapita Pugu na Kisarawe mjini, kisha tukashika barabara ya vumbi kati ya mikorosho na mashamba ya mihogo. Injili ilifika huko siku nyingi. Wamisionari wa Kijerumani walifungua vituo vya Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890. Kwa hiyo hatukwenda kama walimu. Tulikwenda kwa ndugu.

Tena tulikuwa na deni. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu yalipolipuka katika kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto na kuua watu zaidi ya 20, baadhi yetu tulikimbia na watoto mgongoni kuelekea Pugu na Kisarawe. Watu tusiowajua walitufungulia milango, wakawapikia watoto wetu uji bila kutuuliza dhehebu wala kabila.

Kabla ya safari, wengine walishauri tubebe chakula chetu chote ili tusiwaelemee wenyeji. Mama mmoja mtu mzima akakataa. "Wanangu," alisema, "ukimkatalia mtu asikupe kitu, umemwambia kuwa yeye ni maskini." Akatukumbusha mjane wa Sarepta, aliyebakiwa na unga kidogo na mafuta kidogo, na bado Eliya akamwomba mkate. Tukakubaliana kubeba mchele, sukari, mafuta na sabuni, tuvikabidhi jikoni kama afanyavyo binti anaporudi kwao, kisha tule kitakachopikwa.

Tulipokewa kwa vigelegele. Mchana tuliandaliwa wali wa nazi, kisamvu na kuku wawili wa kienyeji, nyumbani kwa mwinjilisti. Sisi tuliozoea kazi ya uuguzi macho yetu hayatulii. Kule jikoni, kwenye moshi, tulimwona dada mmoja mwenye mimba kubwa, viganja vyake vimepauka. Ndiye aliyekuna nazi tangu asubuhi. Sahani yake ilikuwa na ugali na mchuzi mtupu. Nyama yote ilikuwa mezani kwetu.

Hapo palikuwa pagumu. Kurudisha chakula ni kumwaibisha mwenyeji. Kula na kunyamaza ni kula fungu la mtoto aliye tumboni. Yule mama yetu akanyanyuka, akaenda jikoni.

"Mama Mwinjilisti, tutandikieni mkeka, tule pamoja."

"Jamani mama, wageni wakae chini?"

"Wageni gani? Sisi tumekuja kwetu."

Mkeka ukatandikwa, chakula kikapakuliwa kwenye masinia, tukala wote, wenyeji na wageni, kila mmoja na kipande chake. Firigisi, ambayo kwa desturi huwekewa baba au mgeni wa heshima, ilikwenda kwa yule dada. Alicheka kwa aibu, akaila.

Jioni, mazungumzo yakaja yenyewe. Tulieleza kwamba mama mjamzito huhitaji madini ya chuma kwa ajili yake na ya mtoto, na upungufu wa damu humweka hatarini wakati wa kujifungua. Dagaa, kunde na mboga za majani humsaidia, na chungwa baada ya chakula huusaidia mwili kuyapokea madini ya chuma. Chai isinywewe pamoja na chakula. Isubiri saa moja au mbili. Lakini mwenye dalili kama zake asitegemee chakula peke yake: aende kliniki apimwe damu, apewe vidonge. Jumapili baada ya ibada, mumewe alituahidi kwamba kesho yake angempeleka mwenyewe.

Wapendwa akina mama, Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu katika mkutano wao mmoja alishiba na mwingine akabaki na njaa, akawaagiza wangojane. Agizo hilo halikuishia kanisani. Ukiwa mgeni, pokea kwa furaha ulichopewa, lakini tazama pia nani yuko jikoni. Ukiwa mwenyeji, usimheshimu mgeni kwa kumnyima mkweo mjamzito. Na leo jioni, unapopakua chakula nyumbani kwako, angalia sahani ya mwisho ni ya nani na ina nini. Mara nyingi utakuta ni yako mwenyewe. Jiwekee nawe kipande, maana Mungu aliyekupa watoto wa kuwalisha anakuhitaji ukiwa na nguvu.