Mwani Mkavu wa Japani

Kaskazini ya nchi ya Japani kuna kisiwa kikubwa kiitwacho Hokkaido. Katika maji yake ya baridi huota mwani, yaani majani ya baharini, mrefu na mpana, nao huitwa kombu. Wakati wa kiangazi wavuvi hutoka alfajiri kwa mashua ndogo, wakaung'oa kwa miti mirefu. Walio ufukoni huutandaza juu ya kokoto, ukaanuliwa siku ile ile. Mvua ikiunyeshea, taabu yote ni bure.

Zamani merikebu za tanga ziliuchukua hadi Tsuruga na Osaka. Huko Tsuruga wako wauzaji wanaouweka ghalani mwaka mzima au zaidi, mpaka harufu kali ya bahari ipungue.

Mwani huu ukifika jikoni huonekana una unga mweupe. Mgeni hudhani ni kuvu, akausugua kwa maji. Kumbe unga huo ni namna ya sukari itokayo katika mwani wenyewe! Mama wa Kijapani huupangusa tu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, huuloweka katika maji baridi, kisha huyapasha moto polepole. Huutoa kabla maji hayajachemka, maana ukichemka sana supu huwa na utelezi na uchungu. Mwaka 1908 Profesa Ikeda Kikunae wa Tokyo alitoa katika kombu asidi ya glutamiki, akaiita ladha yake umami. Wala kombu iliyokwisha kutoa supu haitupwi. Hukatwa vipande vidogo, ikapikwa kwa mchuzi wa soya na sukari, ikaliwa na wali.

Nori ina matata zaidi. Hiyo ni mwani uliokaushwa kama karatasi nyeusi, wa kufungia wali, na hewa yenye unyevu huilegeza upesi. Kwa hiyo hukaa ndani ya kopo lililofungwa sana, pamoja na kifuko cha dawa inyonyayo maji. Ikilegea kidogo, hupitishwa juu ya moto, ikakauka na kugeuka rangi ya kijani. Lakini iliyoachwa wazi siku nyingi, moto hauirudishii harufu yake.

Iko pia wakame, itiwayo katika supu. Ikiwa kavu ni vipande vidogo mno. Ikilowa huongezeka kiasi cha mara kumi. Mpishi asiyeijua hutia konzi nzima, na mara sufuria imejaa majani, supu haionekani.