Nywele Nyeusi Hazitaki Rangi Nyeusi Peke Yake

Ukitaka kujua kama mtoto anachora akionacho au alichokariri, usiangalie jinsi alivyochora macho wala mikono. Angalia nywele. Watoto wetu wengi hukichora kichwa cha binadamu, kisha wakachukua rangi nyeusi na kukisiriba kama mtu apakaye lami barabarani. Kazi hiyo huchukua nusu dakika, na matokeo yake ni kichwa kilichovikwa sufuria. Uso waweza kuwa umechorwa kwa ustadi, lakini juu ya paji la uso uhai unakoma.

Nimelifikiria sana jambo hili kwa sababu ya binti wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 10, ambaye tunaishi naye nyumbani kwetu Temeke. Mtoto huyu amejaliwa mkono mwepesi. Nilipomnunulia Kariakoo pakiti ya maka peni 24 za wino wa spiriti, zile zenye ncha mbili, moja nene na moja nyembamba, alijaza daftari zima kwa juma moja. Nililifungua nikaona wasichana wengi wazuri, kila mmoja akiwa na nywele ndefu zilizonyooka, za manjano na za hudhurungi, zikipeperushwa na upepo. Hapakuwa na hata mmoja aliyesukwa. Nikamwuliza kulikoni. Akanijibu bila huzuni yoyote, kama mtu aelezaye kanuni ya hesabu: "Shangazi, hizi ndizo zinazochorika. Za kwetu hazichoriki, zinakuwa doa."

Ndugu msomaji, jibu hilo lilinichoma. Hata hivyo, nilipolitafakari niliona kwamba mtoto hakuwa amesema uongo. Kwa rangi moja nyeusi, nywele zetu huwa doa kweli. Mtoto aliyeshindwa kuchora kichwa chake mwenyewe hahitaji hotuba juu ya kujivunia asili yake. Anahitaji kufundishwa kazi. Mama yangu, aliyekuwa ameketi mkekani akichambua mchele, alituondolea mjadala. Alivua kanga kichwani na kusema, "Basi nichore mimi, mjukuu wangu. Nimechoka na ile picha ya kitambulisho." Kichwa chake kilikuwa kimesukwa mistari ya twende kilioni, na mvi zilikuwa zimetapakaa humo kama unga juu ya kinu.

Hapana budi kuifahamu kwanza kalamu yenyewe. Kalamu za maka zilianza kuenea baada ya mwaka 1953, pale Sidney Rosenthal wa Marekani alipoingiza sokoni Magic Marker. Mwaka 1987 Wajapani walitoa Copic, maka za wino wa spiriti ambazo wachoraji wengi wa vitabu na katuni huzithamini, kwa kuwa wino wake hujazwa upya na ncha zake hubadilishwa. Za Kariakoo ni za bei nafuu, lakini kanuni yake ni ile ile. Rangi imeyeyushwa katika alkoholi, nayo alkoholi hukauka upesi, ikaiacha rangi ndani ya karatasi. Mstari mpya ukipita juu ya ule wa kwanza, alkoholi huiamsha rangi ya chini na mbili hizo zikachanganyika. Aidha, wino wake ni mwangavu: rangi ya chini huonekana kupitia ile ya juu. Kwa hiyo anayeanza na nyeusi amekwisha kufunga mlango. Hakuna rangi nyepesi itakayoonekana tena mahali pale.

Jambo la pili ni nywele zenyewe. Weusi wake hutokana na melanini, na aina ya melanini izifanyayo nywele kuwa nyeusi ndiyo hiyo hiyo izifanyayo nyingine kuwa za kahawia. Tofauti kubwa ni wingi wake tu. Nyeusi, basi, ni kahawia iliyoshiba. Msimamishe mtu mwenye nywele nyeusi, jua likiwa nyuma yake, utaona ukingo wa nywele zake una rangi ya kahawa, pengine hata damu ya mzee. Mwondoe juani akae kivulini chini ya mbingu iliyo wazi, nao mng'ao wa nywele zile zile utaelekea kijivu au samawati.

Tena nywele zilizonyooka hulala sambamba, zikarudisha mwanga kwa pamoja kama kioo. Ndiyo maana wachoraji huziwekea utepe mmoja mweupe unaong'aa. Nywele za kipilipili hujikunja, na kila kikunjo huutupa mwanga upande wake. Atakayeziwekea utepe ule atakuwa amechora kofia ya plastiki. Hizo hutaka viduara vidogo vidogo na vidoadoa, na ukingo wake usifungwe kwa mstari mmoja mgumu; uachwe ukiwa laini kama ukungu wa asubuhi.

Niliyajua haya kutoka kwa mchoraji mmoja wa chumba chetu cha habari, nami nikampokeza mtoto. Tulichagua karatasi nene iliyo laini, kwani ya daftari hunywa wino ukatambaa, na chini yake tukaweka karatasi chakavu ili meza isichafuke. Michoro ya awali aliifanya kwa penseli, kwa kugusa tu. Bolpeni niliikataza, maana wino wake huyeyushwa na spiriti ukachafua mchoro mzima.

Alianza na rangi ya ngozi, akakipaka kichwa chote, kwa sababu kati ya mstari na mstari wa msuko ngozi huonekana. Kisha akapaka kila mstari kahawia nyepesi. Nilimwambia aifikirie mistari ile kama matuta ya viazi: jua hupiga juu ya tuta, na kivuli hulala bondeni. Juu ya tuta akaiacha kahawia ile nyepesi. Ubavuni akaongeza kahawia ya kukoza kabla ya ile ya kwanza kukauka, zikaungana bila kuacha mpaka. Alipotaka alama za msuko zionekane waziwazi, alisubiri wino ukauke, akatumia ncha nyembamba kwa kuivuta kutoka kwenye shina na kuinyanyua mwishoni, ili mstari uishie kwa wembamba kama unywele. Nyeusi ilikuja mwisho kabisa, nayo ilikwenda mahali pachache: nyuma ya sikio, kisogoni, na bondeni kwenye kina.

Mvi ndizo zilizomhangaisha. Alitaka kuzipaka kijivu. Nikamwita akae karibu na Bibi yake, aangalie unywele mmoja mmoja. Baada ya kitambo akasema, "Shangazi, hakuna wa kijivu! Uko mweupe, uko mweusi." Naam, mvi ni unywele uliokosa melanini, na kijivu tukionacho kwa mbali ni mchanganyiko wa weupe na weusi. Basi mahali pa mvi aliiacha karatasi wazi, akapitisha nyuzi nyeusi kando yake na kivuli hafifu cha kijivu chini.

Wako walioitambua thamani ya kazi hii zamani. Mpiga picha wa Nigeria, J. D. 'Okhai Ojeikere, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2014, alianza mwaka 1968 kupiga picha za mitindo ya nywele za wanawake wa nchi yake, mara nyingi akiwapiga kutoka nyuma. Picha hizo za nyeusi na nyeupe zilifikia karibu 1,000. Nilimwonyesha mtoto baadhi yake. Alihesabu ngazi za weusi katika kichwa kimoja, kuanzia rangi ya fedha hadi ya mkaa, akanyamaza.

Mchoro ulipokwisha, Mama aliutazama kwa muda mrefu. Sote tulingoja sifa. Yeye akaanza kuhesabu mistari kwa kidole. "Nimesukwa minane," akasema. "Hapa ipo saba. Wa nyuma ya sikio umeusahau." Mtoto akazunguka nyuma ya kiti, akahakikisha, akarudi kuuongeza bila kinyongo. Nadhani hakuna sifa ambayo ingemfaa kuliko hesabu ile, kwa maana ilimthibitishia kwamba nywele hizo zinachorika, tena zinaweza kukaguliwa.

Wazazi wenzangu, kalamu hizi zina masharti yake. Mtoto azitumie dirisha likiwa wazi, mbali na jiko na kibatari, kwani spiriti hushika moto. Zifungwe barabara na zilazwe, ili wino ufike ncha zote mbili. Mchoro usitundikwe penye jua, maana rangi zake huchujuka. Lakini lililo kubwa kuliko hayo ni kumpa mtoto nafasi ya kutazama. Mpelekeni barazani kwa msusi aone jinsi njia inavyopasuliwa kwa chanuo na jinsi msuko unavyoanza.

Siku hizi daftari la binti yetu lina vichwa vya kila namna: mabutu, rasta, kipilipili kilichochanwa, na upara wa jirani yetu. Wasichana wenye nywele za manjano wangalimo, nami sikuwakataza. Wamekaa benchi moja na wenzao, na kila mmoja ana nywele zake.